Bruno Mars kaanza jukwaa na miaka 4 ila katoboa na 24. Hiyo miaka 20 katikati alikuwa wapi?

#1 Mjomba Salama
Wakuu salama? Niende kwenye mada. Nina mpwa wangu ana miaka 7, katoto kanaimba kwelikweli, yaani ukizima redio kenyewe kanaendelea palepale ilipoishia. Sasa kuna jamaa mwenye bendi ya maharusi anataka awe anakapandisha jukwaani kila Jumamosi. Dada kakubali, shemeji ndo usiseme, anaona hela tu, mimi nimekataa. Juzi kwenye kikao cha familia shemeji katoa mfano wa Bruno Mars, eti "yule kaanza na miaka minne ndo maana leo yuko pale".

Nikaenda kumsoma huyo Bruno. Kuanza mapema ni kweli. Kazaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 8 Oktoba 1985, jina la nyumbani Peter Gene Hernandez. Na miaka 4 alikuwa anapanda na bendi ya familia yao, The Love Notes, siku tano kwa wiki, anamuigiza Elvis Presley, nywele zimepandishwa juu, kiuno kinakatwa. Mwaka 1990 gazeti la kulekule Hawaii likamtoa kama "Elvis mdogo". 1992 yumo kwenye filamu ya Hollywood, Honeymoon in Vegas.

Ila wimbo wake mwenyewe wa kwanza kushika namba moja Marekani, Just the Way You Are, ni wa 2010. Toka 1990 mpaka 2010 hapo katikati kuna miaka 20! Kama utoto wa jukwaani ndo ulimtoa, mbona gari lilichelewa hivyo? Hoja yangu: utoto haukumpa kitu, alitoboa kwa kuandikia watu nyimbo. Nibisheni niende na majibu kwenye kikao.

#2 Nusu Kilo
Nimewahi siti ya mbele, leteni kahawa na kashata

#3 Kichwa Ngumu
Mleta uzi umejijibu mwenyewe halafu unauliza. Mtoto anayepanda jukwaani siku tano kwa wiki toka ana miaka 4 hata akienda mapumziko miaka 20 bado anajua kitu ambacho mwingine hajui. Umeona shoo yake ya Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, Februari 2014? Watu milioni 115 walikuwa wanaangalia Marekani peke yake, halafu jamaa kaanzaje? Kaanza kwa kupiga drams! Msanii mwingine pale angeingia na moshi na madansa hamsini. Ule utulivu haufundishwi na lebo mzee, ule ni utoto.

#4 Fundi Redio
Nakazia ya #3 ila nirekebishe kidogo. Alianza na kwaya ya watoto wakiimba kipande cha Billionaire, halafu ndo akaja yeye na drams. Ni kama alikuwa anatukumbusha kazi yake ya kwanza.

#5 Mjomba Salama
@Kichwa Ngumu utulivu sikatai. Mimi nauliza KUTOBOA. Michael Jackson na ndugu zake walikuwa namba moja mwaka 1970 yeye ana miaka 11. Stevie Wonder kashika namba moja mwaka 1963 ana miaka 13. Hao utoto uliwalipa hapohapo, huyu wa Hawaii alilipwa nini?

#6 KisuMkali254
Alilipwa na watalii si ni Waikiki 😂

#7 Besi la Diani
Hapo @KisuMkali254 unacheka lakini umegusa penyewe. Hamjambo nyote, mie ni mtu wa Ukunda, nimepiga besi mahotelini miaka kumi na tatu, kwa hivyo hili la Waikiki naliona kwa macho mengine kabisa.

Waikiki ni ufuo wa mahoteli, sawa na Diani au Nungwi, ila wao wamejipanga zaidi. Babake Bruno ni mtu wa Brooklyn, ana damu ya Puerto Rico na ya Kiyahudi, akapiga midundo na kuongoza bendi. Mamake katoka Ufilipino, alikuwa mcheza hula, ngoma ya Hawaii, na muimbaji, hata kukutana kwao ni kwenye shoo za watalii. Bendi ya hoteli haiulizi "leo nitaimba nini kilicho moyoni mwangu", inauliza hawa wageni wametoka wapi na wamekula wamefika wapi. Wiki hii Wajerumani, wiki ijayo Waitaliano, weye unasimama hapo unawapigia Malaika, Jambo Bwana, Hotel California, Bob Marley, halafu unarudia. Mgeni akiendelea kukata nyama yake bila kugeuza shingo ujue umeshindwa usiku huo. Na hakuna kukasirika, kesho saa mbili unusu uko palepale na shati lako la maua.

Mimi nimeanza hiyo kazi na miaka 22 na iliniumba upya. Sasa mtoto wa miaka 4! Huyo alijifunza kusoma shingo za watu kabla ya kusoma herufi. Mnasema utoto haukumpa kitu?

#8 Bi Mkora
Kusoma shingo kabla ya herufi 😂😂 kaka wa Diani umeua

#9 Mpemba wa Muscat
Assalaam alaykum. Mimi niko Oman, naongezea la mama yake ambalo mnalipita haraka. Huku Ghuba hoteli kubwa ukiingia jioni, bendi ni ya Wafilipino. Wanaume wawili na mabinti wawili watatu, utaomba Whitney, utaomba Fairuz, utaomba wimbo uliotoka wiki iliyopita, unapata, na ukifumba macho huwezi kujua si mwenyewe. Kule kwao kila nyumba wana mashine ya karaoke, mtoto anakua nayo kama sisi tulivyokua na kibao cha mbuzi. Kwa hiyo kwangu siri ni mama na damu ya kule, hiyo Waikiki ni pahala tu.

#10 Kichwa Ngumu
Damu haiimbi sheikh. Ndugu zake wana damu hiyohiyo, yuko wapi mwingine?

#11 Mpemba wa Muscat
Kaka yake Eric ndo alikuwa anampigia drams kwenye bendi yake ya Hooligans, na dada zake waliwahi kuunda kundi lao la kuimba. Soma kwanza ndo ubishe.

#12 Nusu Kilo
Kichwa Ngumu kapigwa cha mbavu, apewe maji

#13 Mwandishi Kivuli
Mimi nipo upande wa mleta uzi, na nitaeleza kwa nini maana hii biashara naijua kwa machungu.

Jamaa kamaliza sekondari 2003 akahamia Los Angeles akiwa na miaka 17. Dada yake ndo alikuwa kule, akapeleka demo yake kwa watu. 2004 akasaini na lebo ya muziki ya Motown. Mnajua ilikuwaje? Hata mwaka haukuisha, wakamtema. Ile sura ya Elvis mdogo, filamu ya Hollywood, gazeti, vyote havikumfaa kitu, hakuna aliyejali. Kule kila muuza kahawa aliwahi kuwa mtoto staa kwao.

Akakutana na Philip Lawrence, wakaanza kuandika pamoja, baadaye akaingia Ari Levine wakawa watatu, The Smeezingtons. Siku moja mtu akaupenda wimbo wao unaitwa Lost, anautaka kwa ajili ya Menudo, kundi la vijana waimbaji wa Puerto Rico. Bruno hakutaka, alikuwa anautunza auimbe mwenyewe. Mfukoni hakuna kitu, anafikiria kurudi Hawaii. Wakauuza dola 20,000. Hapo ndo akili ikafunguka kwamba kumbe wimbo ukiuacha uende unakulisha.

Angalieni sasa: 2009 Right Round ya Flo Rida, kaandika. 2010 Nothin' on You ya B.o.B, kaandika na kiitikio kaimba. Billionaire ya Travie McCoy, hivyohivyo. Wimbo wa CeeLo Green wenye tusi ambao redioni ikabidi waubadilishe, yumo. Huyu aliingia mjini kwa mlango wa jikoni, watu wanakuja kushtuka ameshakaa sebuleni anakula na wenye nyumba.

Na mimi nilishawahi kuuza wimbo, elfu themanini, nikala wali nyama na wanangu wiki nzima. Miezi minne baadaye nimekaa kwenye daladala nasikia abiria mzima wanaimba nao. Jina langu halipo popote. Konda ananidai mia nne huku anaimba mstari niliouandika mimi chooni. Kwa hiyo nikisema uandishi ndo ulimtoa naongelea uandishi wa kule ambako jina linabaki kwenye karatasi na hela inarudi.

#14 Bi Mkora
Pole kaka. Wimbo gani tuusikilize?

#15 Mwandishi Kivuli
Sisemi. Wenyewe wapo humu.

#16 Nusu Kilo
Kuandika chooni hujaongopa, unaonekana una uzoefu

#17 KisuMkali254
Kwa hiyo list ya nyimbo umesahau ile ya World Cup ya South Africa 2010, ile Waka Waka. Jamaa ako ndani pia.

#18 Fundi Redio
Hapana mkuu unachanganya. Waka Waka ni ya Shakira, hiyo ndo ilikuwa rasmi ya FIFA. Bruno na Lawrence majina yao yapo kwenye Wavin' Flag ya K'naan, yule Msomali mzaliwa wa Mogadishu, ambayo Coca-Cola waliichukua kwa matangazo ya Kombe lile. Bongo tulicheza hiyo mpaka spika za mabanda umiza zikachoka, hakuna aliyekuwa anajua kuna mkono wa Bruno Mars mle ndani. Kwa hiyo kitaalamu sisi tulimsikia kabla hatujamjua.

#19 KisuMkali254
Nimekubali kosa. Na hizo zote ni za kuimba tukiwa tumelewa so usinilaumu

#20 Kwaya Master
Bwana asifiwe. Nadhani wote mnaruka kitu kimoja, nacho ni sauti. Nafundisha kwaya ya watoto mwaka wa 18 huu. Mtoto wa kiume anayeimba vizuri na miaka 7 hakuna anayejua ataimbaje na miaka 15. Nimekuwa na kijana, sauti ya kwanza, akipanda juu kanisa zima linanyamaza hata watoto wachanga. Alipofika kidato cha pili sauti ikakatika, ikawa mara fisi mara injini ya pikipiki, akaona aibu, akaacha kwaya na mpaka leo ni fundi aluminiamu na ukimwambia aimbe anakasirika. Sasa Bruno hiyo miaka ya katikati alikuwa anabaleghe jamani! Hakuwa amepotea. Alikuwa anasubiri koo.

Na zingatieni kwamba Elvis aliyekuwa akimuigiza ni sauti ya mtu mzima. Tena baada ya hapo akahamia kumuigiza Michael Jackson. Alikuwa anavaa makoo ya watu wengine mpaka la kwake likapatikana.

#21 Kichwa Ngumu
Kwaya Master umeongea la maana ila miaka 20 ya kubaleghe? Huyo ni mtoto au mwembe

#22 Nusu Kilo
Ndo maana kaishia sentimita 165, ubaleghe uliisha bajeti 🤣

#23 Bi Mkora
Muacheni mfupi wa watu. Mume wangu ni wa size hiyo na analipa ada.

#24 Mjomba Salama
Nashukuru wachangiaji. @Besi la Diani hoja yako ni nzito ila nina swali. Ukisema hoteli ilimfundisha, mbona The Love Notes ilivunjika? Nilisoma wazazi waliachana yeye ana kama miaka 12 hivi na shoo ya familia ikafa. Shule ikafungwa mwanafunzi yuko darasa la sita.

#25 Fundi Redio
Na baada ya hapo maisha yakawa magumu, hili watu wengi hawalijui. Mwenyewe aliwahi kuonyesha kwenye mahojiano ya televisheni 2016. Baba na watoto wa kiume walilala nyuma ya gari la limuzini, wakalala juu ya paa la jengo, baadaye wakaishi kwenye bustani ya ndege iliyokuwa imefungwa, Paradise Park, ambapo baba alikuwa anafanya kazi. Chumba kimoja, hakina bafu, usiku ukitaka kujisaidia unavuka bustani nzima gizani. Huyo ni mtoto ambaye miaka michache nyuma kaonekana kwenye filamu na Nicolas Cage.

#26 Bi Mkora
Hapo ndipo ninapoumia mimi. Naomba niseme kitu kirefu kidogo mnivumilie.

Mimi nilikuwa mtoto wa ngonjera. Miaka ya themanini shuleni kwetu akija kiongozi yeyote, mkuu wa wilaya, mtu wa chama, mgeni kutoka nje, naitwa mimi. Sare inafuliwa na mwalimu, nasimamishwa juu ya meza kwa sababu nilikuwa mdogo, natema ngonjera ukurasa mzima bila kukosea, ukumbi unapiga makofi, nabebwa juujuu. Napewa soda ambayo wenzangu wanaiona tu. Kuna wiki sikuingia darasani hata siku moja, tunazungushwa kata hadi kata. Nikiwa darasa la saba nimerefuka, mwalimu kachagua mtoto mwingine wa la tatu. Hakuna aliyeniambia. Nilifika asubuhi na sare yangu imepigwa pasi nikamkuta mwenzangu yuko juu ya meza.

Nimefeli la saba vizuri tu. Leo nina genge langu, nashukuru Mungu, ila mpaka kesho nikisikia makofi sehemu hata kama ni ya kipaimara cha watu nageuka kuangalia kama ni mimi. Kwa hiyo mnapohesabu miaka 20 ya Bruno, mimi naona mtoto aliyeteremshwa mezani na miaka 12 halafu akapelekwa kulala kwenye limuzini. Kurudi kwake sidhani ni hoteli wala uandishi. Alikuwa anatafuta ile meza.

#27 Besi la Diani
Dada hapo umeninyamazisha.

#28 Kwaya Master
Ubarikiwe dada.

#29 Kichwa Ngumu
Bi Mkora sasa wewe ulitafuta meza ukapata genge, yeye akapata Grammy. Tofauti ni nini? Sisemi kwa ubaya, ndo swali la uzi.

#30 Bi Mkora
Tofauti ni kwamba yeye hakuteremshwa peke yake mwanangu. Baba kaendelea na muziki, yeye sekondari kaunda kikundi na wenzake wakawa wanafungulia shoo za bendi mpya ya baba hotelini. Mimi baba yangu alikuwa anauza mkaa, angenifungulia shoo gani

#31 Mpemba wa Muscat
Kwa hiyo familia. Nilisema mie toka #9.

#32 Kichwa Ngumu
Ulisema DAMU, sasa unahamisha goli

#33 Mzee wa Kopi
Nimepita mara tatu nikajizuia, sasa nasema. Nyote mnazunguka mbuyu. Jamaa ni mpiga kopi. Mkali, namheshimu, lakini mpiga kopi. Alikua akikopi Elvis, akahamia Michael, akamalizia na James Brown na Prince. Uptown Funk ilivyotoka 2014 ikakaa namba moja wiki 14, kufika 2015 watu wa The Gap Band wakaongezwa kwenye majina ya waandishi kwa sababu ilifanana na wimbo wao wa zamani. Locked Out of Heaven watu wakasema inafanana na nyimbo za bendi ya The Police. 2018 akachukua albamu bora ya mwaka kwa 24K Magic, kelele zikaanza Marekani kwamba anakula kwa muziki wa watu weusi na yeye si mweusi. Siri ya kutoboa ni kwamba aliwarudishia wazee nyimbo za ujana wao na kuwapa vijana kama kitu kipya. Bendi za baa hapa mjini zinafanya hivyohivyo kila Ijumaa tofauti hawana bajeti.

#34 Fundi Redio
2018 alibeba tuzo sita usiku mmoja, si hiyo albamu tu. Wimbo wa mwaka, rekodi ya mwaka, na za R&B zote alizotajwa. Na Uptown Funk kwenye karatasi ni wimbo wa Mark Ronson, Bruno ni mgeni mwalikwa. Ni hayo tu, kwenye kopi siingii.

#35 Besi la Diani
Mzee wa Kopi mimi umenigusa kazi yangu kwa hivyo nitajibu. Kopi si tusi. Kupiga kopi vizuri ni lazima uufungue wimbo wa mtu kama fundi anavyofungua injini, ujue kwa nini besi limenyamaza pale, kwa nini kiitikio kimechelewa. Ukishafungua injini mia tatu utaunda yako. Tatizo letu Pwani tulifungua injini mia tatu halafu 2014 nchi za wageni zikawaonya wasije, mahoteli yakafunga, tukarudi nyumbani na spana mkononi. Hakuna prodyuza wala lebo iliyokuja Ukunda kusema nyie mnajua kitu. Yeye kutoka Honolulu alikata tiketi akaenda Los Angeles, nchi ileile, pasipoti haihitajiki.

#36 KisuMkali254
Kwani Hawaii ni Marekani ama ni nchi yake?

#37 Fundi Redio
Ni jimbo la Marekani, la 50, toka 1959. Obama kazaliwa hapohapo Honolulu, wewe Mkenya unaulizaje

#38 KisuMkali254
Sisi tunajua Kogelo tu 😂

#39 Mwandishi Kivuli
Kuna kitu kimoja hakijatajwa ambacho kinajibu kwa nini alichelewa: lebo hazikujua zimuweke rafu ipi. Mwenyewe kashasema, akiingia ofisini wanaona jina Hernandez wanamwambia aimbe Kihispania. Redio za watu weusi si zake, za wazungu si zake. Ndo akachukua Bruno, jina ambalo baba yake alimpa utotoni kwa sababu alikuwa kibonge kama mwanamieleka Bruno Sammartino, akaongeza Mars, akawa mtu wa sayari nyingine asiyeulizwa kabila. Ukiwa unaimba kiitikio kwenye wimbo wa B.o.B hakuna anayeuliza wewe rangi gani, wimbo umeshapigwa. Kwa hiyo ile kazi ya jikoni niliyosema #13 haikuwa ya hela tu.

Halafu cheko la maisha ni kwamba lebo iliyomtema ni Motown, nyumba ileile iliyolea hao watoto aliowataja mleta uzi, Michael na Stevie.

#40 Fundi Redio
Jina tu mkuu. Berry Gordy aliiuza Motown 1988. Hiyo ya 2004 ni ya makampuni makubwa, haikuwa ile nyumba ya Detroit iliyokuwa na walimu wa kufundisha watoto kutembea na kuongea na kushika kipaza. Michael alikuta walimu, Bruno kakuta wahasibu. Labda hilo nalo ni jibu la swali la #5.

#41 Kichwa Ngumu
Sasa mpaka hapa tuna hoteli, mama, karatasi, koo, meza, kopi, jina na wahasibu. Mleta uzi peleka hivyo vyote kwenye kikao uone kama shemeji ataelewa

#42 Nusu Kilo
Umesahau sentimita

#43 Dogo wa Temeke
Wakubwa shkamooni. Mbona mnaenda mbali, wa kwetu hamumuoni? Aslay alianza akiwa Dogo Aslay kwa Mkubwa Fella, akaingia Yamoto Band na kina Maromboso, Beka na Enock Bella, bendi ikafa akasimama mwenyewe. Na Maromboso ndo Mbosso wa leo. Hao walikua madogo na wametoboa bila kusubiri miaka 20.

#44 Mwandishi Kivuli
Marahaba. Mfano mzuri na tena unaibeba hoja ya Besi. Wale walikaa kambini pamoja, wanakula pamoja, wanafundishwa, kuna mkubwa anasimamia. Ile ilikuwa Waikiki yetu ya Temeke.

#45 Bi Mkora
Na waliokuwa kambini ambao hatuwajui majina je? Nauliza tu.

#46 Mzee wa Kopi
Dada yangu wewe ni mkali kuliko uzi

#47 Kwaya Master
Mjomba Salama upo? Turudi kwa mtoto. Je, mtoto mwenyewe anataka? Hakuna aliyeuliza. Bruno inasemekana mjomba wake ndiye aliyemtia moyo amuigize Elvis, na yeye mwenyewe husimulia utoto ule kwa furaha tu.

#48 Kichwa Ngumu
Kumbe mjomba ndo alianzisha! Mjomba Salama umekaa upande usio wako 😂

#49 Mjomba Salama
Hahaha nimesoma yote wakuu, Bi Mkora nimekusoma mara mbili na nimemsomea dada yangu kwa sauti, hakusema kitu akaenda jikoni.

Mrejesho: kikao hakikufika muafaka, shemeji kaenda na mtoto juzi Jumamosi kwa siri, harusi ilikuwa Mbagala. Ratiba ilisema aimbe saa mbili usiku. Mnazijua harusi zetu, bibi harusi kaingia ukumbini saa nne na robo. Zamu ya mtoto imefika saa sita kasoro, MC anamtangaza "karibu sana mwanamuziki mdogo kuliko wote", watu wanapiga makofi, mtoto haonekani. Kutafutwa, kakutwa amelala chini ya kinanda, kakumbatia kiatu cha mpiga kinanda.

Shemeji anasema Jumamosi ijayo watamlaza mchana.

#50 Besi la Diani
Mpiga kinanda alikuwa amevua kiatu kazini? Huyo hapana, hiyo bendi mtoto asiende.

#51 Nusu Kilo
Kashata zimeisha, kahawa bado ipo